Sura ya Saba: Chungu Kilichotobolewa Kitako

Inspekta Mwinshehe alikuwa ameinamia chungu pale mlango wa kontena ulipofungwa nyuma yake. Kwanza mwanga ulikatika, kisha komeo la nje likashuka, kisha kufuli likabanwa. Katika hayo matatu, lililomuudhi ni la kufuli, maana upepo haubani kufuli.

"Nikodemu," Daktari Jonas aliita kutoka kwenye rafu za nyuma. "Tumo humu ndani bado."

Hakujibiwa. Mwinshehe alikwenda mlangoni akaupiga kwa ngumi, halafu kwa kiatu, halafu akachukua sepeto lililoegemezwa pembeni akaugonga nalo mpaka mikono ikafa ganzi. Bahati yake ilikuwa mbaya. Kontena lile lilikaa uani, katikati ya gereji za kunyoosha bodi za magari, na hapo Chang'ombe watu hawana kazi nyingine asubuhi mpaka jioni ila kupiga bati. Yeyote aliyesikia kelele zake alidhani ni fundi mwenziwe kapata mteja.

"Hawatusikii," Jonas alisema.

"Nimeshaliona hilo, Daktari."

Mwinshehe alikuwa mtu mzima wa Temeke, mwenye kitambi na pumu, aliyezoea kufungia watu wala si kufungiwa. Alisimama akihesabu pumzi zake. Juu ya paa palikuwa na matundu ya kutu, na kila tundu liliangusha uzi wa mwanga, hivyo giza lilikuwa la kuvumilika. Joto ndilo halikuvumilika. Jua la Januari lilikuwa limeshaliwasha lile bati, na hewa ya ndani ilinuka vumbi na magunia.

Aliyewaleta humo alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Yuliana. Mumewe, Leonardi, alikuwa mnyapara wa vibarua wa Daktari Jonas kule Kibamba, walipokuwa wakichimbua kijiji cha wakulima wa kale. Uchimbaji ulipokwisha, Leonardi alitoka nyumbani kwenda kusimamia ufukiaji wa mashimo, asirudi tena. Ikapita miaka minne. Sasa kila mwenye nacho anataka kiwanja Kibamba, na lile shamba lilinunuliwa na mfanyabiashara aitwaye Khalfani. Wiki hii mafundi wake wakichimba msingi walikuta mifupa ya mtu, na kichwani pake chungu.

Nikodemu, mdogo wake Leonardi, ambaye ndiye mlinzi wa ghala hili la Daktari la vigae vya kale, aliitwa akaja kukichukua chungu. Yuliana alipofika alikuta mifupa tu. Akautazama muundi wa kushoto, ambao uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya, akasema huyu ni mume wangu, aliuvunja alipoanguka mkoroshoni. Daktari Jonas alipoletewa chungu akasema huyu ni mtu wa miaka elfu moja na mia saba iliyopita. Mkuu wa kituo akamsikiliza aliyesoma.

"Kwani watu wa kale walikuwa hawavunjiki miguu?" mkuu huyo alimwuliza Mwinshehe.

Daktari alishauri mifupa iachwe ilipo. Leo, baada ya swala ya Ijumaa, mafundi wa Khalfani wangemwaga zege juu yake.

Asubuhi Mwinshehe alikuwa amemkuta Yuliana kakaa ukingoni mwa mtaro wa msingi, chungu kipya mapajani, na mkononi msumari mrefu aliouazima kwa fundi seremala.

"Vya nini hivyo, dada?"

"Vya marehemu. Ukoo wa mume wangu, huko kusini, mtu akifa hutobolewa chungu kitako, kikafunikwa kichwani pake. Anayetoboa ni ndugu yake wa tumbo moja. Nimemwomba shemeji Nikodemu kila mwaka, ananambia tusubiri, pengine yu hai. Mie nimesubiri, afande. Si mke, si mjane. Hata kulia sijalia. Nitamliliaje mtu ambaye hajafa?"

"Na leo?"

"Leo nikiona zege linakuja namtobolea mwenyewe. Mila yao itanisamehe. Siwezi kumwacha afunikwe hivihivi."

Mwinshehe alimwahidi kwamba atakuwa amerudi kabla ya zege. Aliahidi haraka haraka, kama wanaume wanavyoahidi wakitaka kuondoka mbele ya mwanamke mwenye huzuni, na sasa ahadi ile ilimkaa kifuani pamoja na pumu. Gari la kituo halikuwa na mafuta, ndiyo maana alikuja Chang'ombe kwa pikapu ya Jonas. Hapakuwa na dereva nje wa kushangaa wamekwenda wapi.

Aligeuka akamtazama mwenziwe. Jonas alikuwa mrefu, mwembamba, kamasi za vumbi zimemganda puani, ana kioo cha kukuzia kimening'inia shingoni. Ndiye aliyesema waje. Ndiye aliyemwambia Nikodemu awafungulie. Na ndiye aliyesema chungu kitazamwe huku mwisho kabisa, mbali na mlango.

"Daktari, umetufungia wewe?"

"Mimi nimo humu humu, Inspekta."

"Kwenye mtego mzuri mtegaji huingia pamoja na panya. Rafu hizi mpya kakupa nani?"

Jonas alizitupia jicho. "Khalfani."

"Kwa sababu gani?"

"Anapenda historia."

"Khalfani anauza saruji."

Jonas alikaa juu ya gunia. "Sawa. Aliniahidi hatajenga nusu ya shamba, nichimbe tena. Kwa hiyo sikutaka fujo pale, na mifupa ya udongo ule ukiigusa inasagika. Lakini sikuandika uongo. Chungu ni cha kale."

"Nithibitishie."

"Sasa hivi?"

"Una safari?"

Wakabeba chungu mpaka chini ya tundu kubwa la kutu, wakakiweka juu ya meza katika kitanzi cha kamba ya katani ili kisibingirike. Kilionekana kizima ila pengo moja ukingoni. Nyundo za nje zilikuwa zikipiga kwa zamu, na kila pigo liliingia kwenye kuta za kontena likarudi kichwani kwa Mwinshehe. Walikunywa maji kwenye dumu la kuoshea vigae. Yalikuwa ya vuguvugu na yana ladha ya udongo, lakini hawakuyasemea vibaya.

Jonas alianza kufundisha, na sauti yake ikatulia. Aliupitisha ukingo wa chungu mwangani. Mistari hii iliyolala sambamba, alisema, ndiyo saini ya wakulima wa kwanza wa pwani hii. Nje kuna masizi, basi kilikaa mafigani. Ndani, nusu ya kwenda juu, kuna mkanda mweusi. Mtu aliacha uji ukaungua.

"Kwa hiyo ni chungu cha jikoni," Mwinshehe alisema.

"Cha jikoni kabisa."

"Umechimba vijiji vingapi vya hao watu?"

"Vingi."

"Mara ngapi umewakuta wamezika mtu na chungu cha jikoni?"

Jonas alifuta jasho. "Hii ni mara ya kwanza."

"Na hukushtuka?"

"Nilifurahi," Jonas alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya. "Kaburi la kwanza la aina yake. Ningelitangaza mimi."

Mwinshehe alimhurumia kidogo. Aliwahi kuona askari wazuri wakiharibikiwa kwa furaha ya namna hiyohiyo, ya kumkamata mtu wanayemtaka. "Basi sahau furaha. Chukulia nimekuletea mie, nimekiokota jaani. Kitazame upya."

Jonas alishika kioo chake. Alitazama ukingo, alitazama shingo, akaufuata mstari mmoja mmoja. Mwinshehe alisikia pumzi zake mwenyewe zikipiga filimbi. Alifungua kifungo cha pili, kisha cha tatu. Kuta zilikuwa zimeshika moto kiasi kwamba usingeweza kuegemea. Alimfikiria Yuliana na ule msumari, akatamani kumwambia Daktari afanye upesi, lakini alijua kazi ya macho haiharakishwi.

"Ajabu," Jonas alisema.

"Nini?"

"Kilikuwa na udongo mkavu juu juu tu. Humu mistarini hamna. Chungu kilichokaa ardhini miaka yote hiyo, udongo hujaa humu ukawa kama saruji. Sisi huutoa kwa…" Akachomoa pini kwenye ukosi wa shati, akaichokoa mistari chini ya pengo. Alichotoa akakiweka kwenye kiganja chake na kukipeleka mwangani.

Kilikuwa kitu chembamba, kifupi kuliko ukope, cha rangi ya bluu.

"Ni nini hicho?"

Jonas alikifumbata kiganjani. Alikwenda kwenye rafu, akarudi na kopo lililojaa miswaki mikuukuu, ile wanayooshea vigae. Akachambua, akauchukua mmoja uliovimba kichwa, akauweka kando ya kile alichoshika. Nywele za mswaki zilikuwa za bluu, na ni plastiki ileile.

"Wakulima wa kale walikuwa na mswaki wa dukani?" Mwinshehe aliuliza.

"Hapana."

"Basi?"

"Chungu ni cha kale," Jonas alisema polepole. "Kaburi si la kale. Hiki kilichimbuliwa na watu wangu, kikaoshwa kambini kwangu, kisha kikarudishwa ardhini. Na mimi sikupata kukiona, maana ningekikumbuka." Akaketi. "Yule mama alisema kweli."

"Alisema kweli tangu juzi. Kigeuze."

"Kugeuza?"

"Sijaona kitako chake."

Jonas akakigeuza. Katikati ya kitako palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Mwinshehe aliliinamia. Jonas akaeleza kwamba tundu hilo yeye aliliandika kuwa ni la ibada. Halafu akaweka kioo, na akalikanusha neno lake mwenyewe hapohapo. Kuvunjika kwa zamani, alisema, huwa kumefifia na kulainika, kama pale penye pengo. Tundu hili kingo zake ni kali, na udongo wake bado mwekundu. Limetobolewa kutokea ndani, kwa kitu cha ncha, baada ya chungu kuoshwa.

"Msumari," Mwinshehe alisema.

"Yawezekana. Lakini kwa nini mtu atoboe chungu kizuri namna hii?"

Mwinshehe alikuwa ameshajua. Hakufurahi kujua. Muuaji mgeni angefukia na kukimbia. Huyu alisimama juu ya shimo, akatafuta chungu, akakitoboa kitako, akakifunika kichwani pa marehemu kama anavyozikwa mtu na nduguze. Halafu kila mwaka, akiombwa kutoboa kingine, akasema tusubiri.

"Daktari, wakati ule nani aliosha vigae kambini?"

"Kijana mmoja tu, mdogo wake mnyapara. Leonardi ndiye aliyemwombea kazi." Jonas aliinua uso. "Ni Nikodemu."

Hapo nyundo zikaanza kunyamaza. Moja, nyingine, kisha zote. Kutoka msikitini, upande wa pili wa barabara, adhana ilikuwa imeshaisha, na mafundi walikuwa wakinawa na kuondoka. Jonas alirukia sepeto.

"Sasa watatusikia."

"Nani atatusikia? Wanakwenda kuswali. Nami ningekuwa huko." Mwinshehe aliinua mkono. "Tulia kwanza."

Katika kimya kile walisikia kitu karibu sana, nyuma ya bati. Funguo ziligongana. Mtu alikuwa amekaa chini, ameegemea mlango wao kutokea nje.

Mwinshehe alikaa naye, upande wa ndani, mgongo mbali na moto wa bati. "Nikodemu."

Funguo zikatulia.

"Najua upo. Mbona hujakimbia?"

"Nikimbilie wapi, afande." Sauti ilikuwa ya chini, imechoka. "Zege likishamwagwa nawafungulia. Maji yamo kwenye dumu. Sitaki mfe."

"Ahsante. Tumeyanywa. Nikuulize jambo la kwenu?"

Funguo zikalia kidogo.

"Maiti mmoja hutobolewa vyungu vingapi?"

Jonas akafungua mdomo aseme, Mwinshehe akamkazia macho. Mahojiano yana adabu yake. Ukishauliza, mwachie mtu swali lake.

"Kimoja," Nikodemu alisema.

"Akitobolewa cha pili?"

"Cha pili si chake tena. Kinamtafuta mwenyewe humo humo nyumbani mwa marehemu. Anakufa mwingine."

"Kwa kina Yuliana wamo nani?"

"Shemeji mwenyewe, na watoto wawili." Alikohoa. "Afande, nani kakwambia mambo hayo?"

"Shemeji yako. Yuko mtaroni Kibamba sasa hivi. Ana chungu kipya na msumari."

Nje kiatu kilikwaruza changarawe. "Shemeji hawezi. Anatoboa ndugu."

"Ndugu kamchosha. Kanambia kwa mdomo wake asubuhi hii, akiona zege linakuja anatoboa mwenyewe, asimwache mumewe afunikwe hivihivi. Zege hilo unalolingoja ndilo analolingoja na yeye."

"Unanidanganya."

"Mie nimefungiwa, Nikodemu. Ningekuwa mwongo ningekwambia kituo kizima kinakuja." Mwinshehe alivuta pumzi, na kifua kikapiga filimbi mpaka nje. "Kaka yako umeshamtobolea, tena vizuri. Nimeona kazi yako. Sasa ama ufungue, ama ukae hapo ulinde kufuli wakati mama wa watu anatoboa cha pili, naye hajui ni cha pili. Hilo mie siwezi kukuamulia."

Hakuwa na la ziada. Lililobaki lilikuwa katika roho ya mtu mwingine, upande wa pili wa bati, na Mwinshehe alichukia sana kuwa hapo, hana hata kitasa cha kushika. Jonas alikuwa ameng'ang'ania sepeto kwa mikono miwili. Wote wawili walimsikia Nikodemu akianza kulia, kilio cha mwanaume anayejizuia, na walimsikia akilikosa tundu la kufuli kwa ufunguo, mara ya kwanza, mara ya pili.

Mwanga ulipoingia uliwaumiza macho. Nikodemu alikuwa amesimama mikono mbele, viganja vimeunganishwa, tayari kwa pingu.

"Pingu baadaye," Mwinshehe alisema, akitoka huku kashika ukuta. "Panda gari."

Jonas aliendesha, Nikodemu katikati, Mwinshehe dirishani akimeza upepo wa barabara ya Morogoro kwa mdomo. Hakumhoji. Nikodemu alisema mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye chungu walichokipakata kwa zamu. Alikificha kile chungu, alishakipatia mnunuzi, mgeni mmoja mpenda vitu vya kale. Siku ya kufukia mashimo kaka yake akamkuta anakitoa. Akamwambia nitakusema kwa Daktari, hata kama tumezaliwa tumbo moja. Walikuwa ukingoni mwa shimo. Alimsukuma. Chini palikuwa na jiwe.

"Nilimwita sana," alisema. "Halafu nikaona siwezi kumzika kama mbwa."

Mama yake Mwinshehe alikuwa na msemo wake: mficha maradhi, kilio humfichua. Inspekta aliufikiria, akaona hauna haja ya kusemwa ndani ya gari lile.

Walipokata kona kuingia shambani kwa Khalfani, zege lilikuwa tayari. Mafundi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye rundo la kokoto, makarai kichwani, na wa mbele alikuwa amebakiza hatua chache kufika mtaroni. Walikuwa wamemwomba Yuliana aondoke, naye alikuwa ameingia ndani ya mtaro wenyewe, amepiga magoti pembeni ya mifupa. Chungu alikuwa amekibana mapajani, mdomo juu. Msumari ulikuwa umesimama ndani yake, na mkono wa kulia ulikuwa umeinua jiwe.

Mwinshehe hakuweza kukimbia. Nikodemu aliruka gari halijasimama.

"Shemeji, usitoboe."

Yuliana hakugeuka. "Zege hilo linakuja, shemeji. Umenichelewesha mno."

"Usitoboe, nakuomba. Alishatobolewa."

Jiwe lilibaki juu. Yuliana aligeuza kichwa. Alimtazama shemeji yake, akamtazama Inspekta aliyekuwa akija anahema, kisha akamtazama Daktari Jonas, aliyekuwa amebeba kile chungu cha kale kwa mikono miwili, kimeinamishwa mdomo chini. Tundu la kitako lilikuwa wazi kwa kila mtu. Yuliana aliliangalia kwa muda. Hakuuliza nani aliyelitoboa, kwa sababu katika ukoo ule mwenye haki ya kulitoboa alikuwa mtu mmoja tu.

Aliteremsha jiwe taratibu. Akatoa msumari chunguni, akaunyoosha mkono juu kumrudishia fundi aliyemwazima. Akafunua khanga kichwani, akajifunga nayo kiunoni. Kisha akaweka kiganja juu ya muundi ule wa kushoto, na akaanza kulia kwa sauti kubwa, kama wanavyolia wajane, na mafundi wakawa wanatua makarai yao chini mmoja baada ya mwingine.